Kununua Fleti Katika Jengo la Kupangisha Linalogawanywa Hatimiliki: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Nairobi

Yapo majengo mengi ya ghorofa jijini Nairobi, kuanzia South B na Kilimani hadi Parklands na Ngara, ambayo yalijengwa miaka mingi iliyopita kwa lengo moja tu, nalo ni kukusanya kodi kila mwisho wa mwezi. Siku hizi baadhi ya wenye majengo hayo wanaamua kuacha kupangisha na kuuza fleti moja moja, kila moja na hatimiliki yake. Pengine mwenyewe amezeeka na hana tena nguvu za kufuatana na wapangaji. Pengine amefariki na watoto wanataka kila mmoja apate fungu lake. Pengine benki inamsukuma alipe mkopo. Mnunuzi naye huvutiwa na vyumba vipana, na mtaa uliokwisha kutulia, na bei ambayo mara nyingi huwa chini ya ile ya jengo jipya lililo hatua chache kutoka hapo.

Ni aina ya ununuzi ninayoipendelea, kwa kuwa jengo lililosimama miaka thelathini unaweza kulikagua kama lilivyo, tofauti na lile linalouzwa likiwa bado ni picha kwenye bango la barabarani. Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kuelewa tangu mwanzo kwamba jengo la kupangisha hubebwa na mtu mmoja. Yeye ndiye hulipa bili ya maji, huziba paa linapovuja, humlipa mlinzi, na humtuliza jirani anayelalamikia maji taka. Siku hatimiliki inapogawanywa, mzigo huo wote hugawanywa pamoja nayo. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinatafuta jibu la swali moja: kila kitu ambacho mwenye jengo alikuwa akikibeba peke yake, kuanzia sasa kitabebwa na nani, na hilo limeandikwa wapi?

Hatua ya kwanza: soma hati mama kabla ya kuitazama fleti yenyewe

Fleti nzuri humlainisha mtu moyo, na mtu aliyekwisha kupanga mahali pa kuweka kochi husoma hati kwa haraka. Ndiyo sababu ninashauri uanze na karatasi. Mwombe muuzaji nakala ya hati mama, yaani hatimiliki ya kiwanja chote ambacho jengo limesimama juu yake, kisha wakili wako afanye upekuzi rasmi, ule ambao wengi tunauita sachi. Kwa viwanja vya Nairobi upekuzi huo hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwezi Aprili 2021. Linganisha jina la mmiliki katika matokeo ya upekuzi na kitambulisho cha mtu unayezungumza naye, herufi kwa herufi. Angalia pia iwapo kuna dhamana ya benki, zuio, au amri ya mahakama iliyoandikishwa dhidi ya kiwanja hicho.

Kisha hesabu miaka. Viwanja vingi vya Nairobi havimilikiwi daima dawamu bali kwa hati ya muda maalumu, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Nambari 21 ya 2020, ambayo ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuchukua mahali pa ile ya 1987, haikubali kugawanya jengo lililo juu ya ardhi ya muda maalumu iliyobakiza chini ya miaka 21. Chukua mfano wa hati ya miaka 99 iliyoanza Januari 1950. Muda wake unakwisha mwishoni mwa 2048, kumaanisha kwamba kufikia mwisho wa 2027 itakuwa imebakiza miaka 21 kamili, na baada ya hapo mlango wa kugawanya utakuwa umefungwa mpaka muda uongezwe. Mwenye jengo anayekuambia kwamba kuongeza muda ni jambo dogo na alifanye kwanza, kwa jina lake na kwa gharama yake, ndipo mzungumze bei. Mnunuzi asiye raia wa Kenya naye akumbuke kwamba Katiba ya 2010 humruhusu kumiliki ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu, hata kama hati mama ni ya kudumu.

Hatua ya pili: hakikisha anayeuza ana mamlaka ya kuuza

Majengo ya kupangisha mara nyingi ni mali za familia kuliko yalivyo mali za kampuni, na hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Ikiwa mwenye hati amefariki, watoto wake hawana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu wao ndio hukusanya kodi. Sheria ya Mirathi inataka wapate kwanza hati ya usimamizi kutoka mahakamani, na tena hati hiyo ithibitishwe, kabla ya mali isiyohamishika kuuzwa. Omba kuiona hati iliyothibitishwa, soma orodha ya warithi na mafungu yao, na mtake wakili wako aithibitishe katika faili ya mahakama. Ndugu mmoja aliyeachwa nje ya orodha, au aliye ng'ambo na hajatia sahihi, anaweza kusimamisha mauzo ya jengo zima, na wewe uliyelipia fleti ya ghorofa ya tatu utakuwa mhusika katika kesi ambayo hukuianzisha.

Ikiwa mwenye hati yu hai na ameoa au ameolewa, idhini ya mwenzi wake iandikwe na iambatishwe. Ikiwa ni kampuni, taka azimio la wakurugenzi.

Dhamana ya benki inahitaji uangalifu wa aina yake. Jengo likiwa limewekwa rehani, benki ina haki juu ya kila fleti ndani yake, ikiwemo yako, mpaka itakapoiachilia. Barua ya muuzaji inayosema kwamba atalipa mkopo akishauza haitoshi hata kidogo. Unachohitaji ni barua ya benki yenyewe inayokubali mgawanyo wa jengo, inayotaja kiasi itakachopokea ili kuiachilia fleti yako peke yake, na inayoahidi kumkabidhi wakili wako hati ya kuachilia dhamana mara kiasi hicho kitakapolipwa.

Hatua ya tatu: uliza mchoro wa mgawanyo umefikia wapi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Jengo haliwi la umiliki wa sehemu kwa tangazo la muuzaji wala kwa kupakwa rangi mpya. Hugeuka pale mchoro wa mgawanyo, uliotayarishwa na mpima ardhi mwenye leseni na kuidhinishwa na Idara ya Upimaji, unaposajiliwa. Msajili hufunga rejista ya hati mama, hufungua rejista mpya kwa kila fleti, na siku hiyo hiyo huzaliwa shirika la wamiliki, ambalo ndilo litakalosimamia sehemu za pamoja. Kabla ya usajili huo, fleti yako kisheria haipo. Upo uhusiano wa kimkataba kati yako na muuzaji, na uhusiano huo una nguvu sawa na uaminifu wake na mfuko wake.

Utaratibu wa zamani ulikuwa tofauti: mnunuzi alipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi, huku hati mama ikibaki kwa mwenye mradi au ikihamishiwa kampuni hiyo. Mwaka 2021 Wizara ya Ardhi ilitangaza kwamba itaacha kusajili mikataba ya aina hiyo isiyokidhi sheria mpya. Kwa hiyo muuzaji akikupa leo mkataba wa mtindo huo kwa fleti iliyo katika jengo linalogawanywa sasa, mwambie wakili wako aulize sababu, na usiendelee bila jibu la maandishi.

Mchoro ukiwa tayari, omba nakala uende nayo kwenye jengo. Nilipomsindikiza dada yangu kununua fleti katika jengo la ghorofa nne, mlango wa fleti aliyoipenda ulikuwa umeandikwa B7 kwa rangi nyeupe, na mkataba ulitaja fleti nambari 7. Tulipoukunjua mchoro juu ya ukuta wa baraza na kuhesabu kutoka ngazi, tuligundua kwamba mpimaji alikuwa amezihesabu fleti kwa kuzunguka ghorofa nzima, wakati mwenye jengo alizihesabu kwa kufuata ngazi. Nambari 7 ya mchoro ilikuwa fleti ya upande wa barabara, ndogo zaidi, iliyokuwa na mpangaji mwingine ndani. Msimamizi wa jengo mwenyewe alishangaa. Kosa lilirekebishwa kwa barua mbili, lakini lisingegunduliwa lingesajiliwa, na dada yangu angekuwa na hati halali ya nyumba ambayo hakuwahi kuingia.

Ukiwa na mchoro mkononi, angalia pia kuta zinaishia wapi, kama baraza na stoo zimehesabiwa ndani ya fleti yako au katika sehemu za pamoja, na kama eneo la gari limepewa nambari ya fleti yako au limeachwa wazi kwa yeyote atakayewahi.

Hatua ya nne: kagua jengo lote, kuanzia paa hadi shimo la maji taka

Kosa la kawaida ni kukagua fleti na kuliacha jengo. Rangi mpya, vigae vipya vya jikoni na taa za kung'aa ni vitu ambavyo muuzaji huvifanya kwa wiki mbili. Vitu vitakavyokugharimu haviko ndani ya fleti yako. Lipia mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, awe amechaguliwa na wewe, wala si yule aliyeletwa na muuzaji. Mkiwa wanunuzi watano au sita, changeni ada yake na mpate ripoti moja ya jengo zima.

Jambo la kwanza analopaswa kulinganisha ni idadi ya ghorofa zilizopo na idadi iliyoidhinishwa katika ramani za baraza la jiji la zamani au kaunti ya sasa. Nairobi ina majengo yaliyoidhinishwa ghorofa nne yakaishia na sita, kwa sababu kila ghorofa ya ziada ilikuwa kodi ya ziada. Msingi haukuambiwa. Waliokuwapo Huruma mwezi Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilipoporomoka usiku wa mvua karibu na mto na kuua makumi ya watu, hawahitaji kukumbushwa maana ya jambo hili. Taka kuona ramani zilizoidhinishwa na cheti cha kuruhusu jengo kukaliwa. Ikiwa jengo liko karibu na mto au kijito, taka uthibitisho wa mpima ardhi kwamba halijaingia katika ukanda wa mto.

Kisha mabomba. Majengo ya umri huo mara nyingi yana mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo huota kutu kutoka ndani na kubana kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Namna rahisi ya kuyapima ni kwenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla wapangaji hawajaoga, na kufungua bomba la jikoni juu ya sufuria nyeupe. Maji yakitoka ya rangi ya chai kwa dakika nzima kabla ya kutakata, mabomba ya kupanda ghorofani yamefika mwisho wake, na mabomba hayo ni mali ya pamoja ambayo ninyi wamiliki wapya mtayabadilisha kwa pesa zenu.

Umeme nao una historia yake. Jengo lilipofungwa nyaya, hapakuwa na bafu za maji moto ya papo hapo katika kila fleti. Leo ziko ishirini, na waya unaopanda kutoka chini ni ule ule. Mhandisi afungue ubao wa umeme wa ghorofa ya chini, aguse kama vifuniko vina joto, na aangalie kama kila fleti ina mita yake ya Kenya Power au kama mwenye jengo alifunga vijimita vyake na kuwauzia wapangaji umeme kutoka mita moja kubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa maji: majengo mengi ya kupangisha yana mita moja ya kampuni ya maji ya jiji, na bili hugawanywa kwa kukadiria. Kutenganisha mita kunagharimu pesa na muda, na panapokuwa na fleti ishirini na mita moja, anayelipa kwa uaminifu humlipia asiyelipa, na wote hukatiwa maji siku moja.

Malizia juu kabisa. Paa bapa la zege lenye matangi na mnara wa kampuni ya simu hubeba uzito na huvuja. Nenda baada ya mvua, utazame dari za ghorofa ya mwisho.

Hatua ya tano: omba vitabu vya mwenye jengo

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote baada ya mchoro. Jengo jipya halina historia. Hili lina miaka ya bili, na bili hazisemi uongo kwa urahisi. Omba bili za maji za miezi 24 iliyopita, malipo ya kutoa maji taka ikiwa kuna tangi la chini ya ardhi, gharama za kutengeneza pampu, mishahara ya walinzi na wafagiaji, na risiti za ushuru wa ardhi wa kaunti pamoja na kodi ya ardhi ya serikali. Bili ya maji inayopanda bila idadi ya wapangaji kuongezeka ni dalili ya bomba linalovuja chini ya ardhi. Pampu iliyotengenezwa mara nne kwa mwaka ni pampu ya kununuliwa upya.

Jumlisha gharama hizo zote kwa mwaka na uzigawanye kwa idadi ya fleti na kwa miezi 12. Kiasi utakachopata ndicho ada halisi ya huduma ya kila mwezi, kabla hata ya bima ya jengo na akiba ya matengenezo makubwa. Kama muuzaji amekutangazia ada iliyo nusu ya hapo, amekuonyesha bei ya kukuvutia, na mwaka wa kwanza shirika la wamiliki litalazimika kuipandisha.

Zungumza pia na msimamizi wa jengo na wapangaji wawili watatu, kwa upole na bila haraka. Mama aliyeishi ghorofa ya kwanza miaka kumi na miwili atakuambia vizuri kuliko mhandisi yeyote ni choo gani hurudisha maji taka mvua ikinyesha.

Hatua ya sita: wapangaji waliomo

Mkataba useme wazi kama unanunua fleti ikiwa tupu au ikiwa na mpangaji ndani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inazitambua haki za wapangaji wa muda mfupi na wa mwezi kwa mwezi hata pale ambapo hazijaandikwa katika rejista, kwa hiyo kupata hatimiliki hakumfanyi mpangaji kuwa mvamizi. Atastahili notisi kwa mujibu wa mkataba wake. Ikiwa unataka kuhamia mara moja, jukumu la kutoa notisi na kuikabidhi nyumba tupu liwe la muuzaji, na sehemu ya mwisho ya bei isilipwe mpaka funguo ziwe mkononi mwako.

Ukinunua na mpangaji ndani, ulizia amana yake. Wapangaji wengi walilipa amana ya mwezi mmoja au miwili walipoingia, na pesa hizo mara nyingi zilikwisha kutumika zamani. Mpangaji atakapohama miezi mitatu baadaye atabisha mlango wako, wala hatamtafuta mwenye jengo wa zamani aliyehamia mashambani. Kiasi cha amana kitajwe katika mkataba na kikatwe kutoka bei ya ununuzi, na kodi ya mwezi wa makabidhiano igawanywe kwa siku. Kumbuka pia kwamba kodi utakayopokea inatozwa ushuru: kwa mapato ya kodi ya nyumba yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka na yasiyozidi milioni 15, kiwango ni asilimia 7.5 ya mapato ghafi tangu Januari 2024. Fleti ya shilingi 40,000 kwa mwezi hivyo inalipa 3,000 kila mwezi.

Na ikiwa mpangaji huyo ni wewe mwenyewe, usingoje tangazo. Mwandikie mwenye jengo barua ukiomba nafasi ya kwanza ya kununua, na umwombe ajibu kwa maandishi akitaja bei na tarehe ya mwisho. Endelea kulipa kodi yako kwa wakati katika kipindi chote hicho, kwani deni la kodi hugeuka haraka kuwa kisingizio cha kukunyima.

Hatua ya saba: sehemu za pamoja na mgao wako

Kila fleti hupewa kiwango cha mgao katika mchoro, na kiwango hicho ndicho kinachoonyesha fungu lako katika sehemu za pamoja na, kwa kawaida, mchango wako wa gharama. Tuseme jengo lina fleti 16 za mita za mraba 60 na fleti 4 za mita za mraba 90, jumla mita 1,320, na mgao umefuata ukubwa wa sakafu. Paa likitengenezwa kwa shilingi 1,320,000, mwenye fleti ndogo atatoa 60,000 na mwenye kubwa atatoa 90,000. Ukigawanywa sawa kwa kila mlango, wote wangetoa 66,000. Hesabu kama hii ifanywe kabla ya kutia sahihi, maana baada ya mchoro kusajiliwa kubadilisha mgao ni kazi kubwa.

Zaidi ya hapo, chunguza kwa makini ni vitu gani ambavyo mwenye jengo amevibakiza mikononi mwake. Nimeona mapendekezo ambamo fleti zote ziliuzwa lakini mwenye jengo akajiwekea paa, kwa sababu paa lilikuwa na mnara wa kampuni ya simu unaomletea kodi kila mwezi. Paa linapovuja ni la wote; kodi ya mnara inapolipwa ni ya mmoja. Jambo hilo halikubaliki, na wanunuzi wakisimama pamoja hulirekebisha kwa urahisi kabla ya usajili. Maduka ya ghorofa ya chini, kisima, vyumba vya wafanyakazi nyuma ya jengo, mabango ya matangazo ukutani na maegesho ya ziada viulizwe hivyo hivyo, kimoja kimoja, na kila jibu lionekane katika mchoro au katika kanuni za shirika.

Soma kanuni hizo. Hapo ndipo utakapojua kama unaruhusiwa kufuga mbwa, kupangisha kwa siku chache kwa wageni, au kufungua ofisi, na namna kamati ya ndani ya kutatua migogoro itakavyoundwa.

Hatua ya nane: mkataba, pesa na usajili

Mkataba wa kuuza ardhi au nyumba nchini Kenya hauna nguvu mahakamani usipokuwa wa maandishi, uliotiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya shahidi. Uwe na wakili wako mwenyewe. Wakili wa muuzaji, hata awe mwema namna gani, anamlinda aliyemwajiri. Ada ya wakili hufuata viwango vilivyowekwa kulingana na bei, pamoja na VAT ya asilimia 16.

Desturi ni kulipa amana ya asilimia 10 wakati wa kutia sahihi na salio baada ya siku 90. Katika jengo linalogawanywa, siku 90 hizo zihesabiwe kuanzia tarehe mchoro utakaposajiliwa, zisianzie tarehe ya mkataba, na uwekwe ukomo: usajili usipofanyika kufikia tarehe fulani, una haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa zako zote pamoja na riba. Amana ishikwe na wakili kwa niaba ya pande zote mbili, wala isipelekwe kwa muuzaji kwa matumizi yake. Ukiona muuzaji anasisitiza kupewa asilimia 30 au 40 ili "akamilishe karatasi," elewa kwamba anakuomba mkopo usio na dhamana.

Katika fleti ya shilingi 6,000,000, ushuru wa stempu wa asilimia 4 unaotozwa mijini ni shilingi 240,000, nao hulipwa na mnunuzi kwa thamani itakayothibitishwa na mthamini wa serikali. Muuzaji kwa upande wake hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na mkataba usimruhusu kuisukuma kwako kupitia mlango wa nyuma. Gharama za mpima ardhi na za kusajili mchoro pia ni zake, isipokuwa mmekubaliana vingine na bei imepunguzwa kwa kiasi hicho.

Ndugu walio ng'ambo, iwe Doha, Muscat au Minneapolis, ambao hununua kupitia jamaa, wampe jamaa huyo uwakilishi wa kisheria ulioandikwa na kusajiliwa, wenye mipaka inayotaja fleti hiyo peke yake, na pesa zipitie kwa wakili moja kwa moja. Undugu mwingi umevunjika kwa pesa zilizopitia mkono mmoja zaidi ya ilivyohitajika.

Hati yako ikitoka, fanya upekuzi tena, safari hii wa rejista ya fleti yako. Hakiki jina lako, nambari ya fleti, mgao, na kwamba dhamana ya benki ya mwenye jengo haikuhamia kwako. Badilisha majina ya akaunti za umeme na maji ukiwa na kumbukumbu ya usomaji wa mita wa siku hiyo, uliopigwa picha muuzaji akiwepo.

Katika mkutano wa kwanza wa shirika la wamiliki, mwenye jengo bado anaweza kuwa na fleti nyingi ambazo hazijauzwa, na kwa hiyo sauti kubwa. Hudhurieni wote. Taka akabidhi ramani zilizoidhinishwa, mchoro wa mabomba na nyaya, mikataba ya mlinzi na ya mnara wa simu, sera ya bima, salio la ada zilizokusanywa, na funguo za chumba cha pampu, na kila kimoja kiandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na jina la aliyekipokea. Fleti ambazo bado ni zake zichangie ada ya huduma kama nyingine zote, kuanzia mwezi huo huo.